Mapacha Wangu na Ushuhuda wa Uongo

Sifa ni za Bwana, ndugu zangu, na amani yake iwe nanyi nyote. Wazee wangu, shikamooni. Mimi mnanijua. Naitwa Wakesho, mke wa Zakayo seremala, na nimeimba kwaya humu Ukunda tangu kanisa hili likiwa la makuti. Nimesimama mahali hapa kushuhudia mara moja kabla ya leo. Siku ile mlipiga makofi, na wengine mlilia kwa furaha. Leo nawaomba msipige makofi. Nisikilizeni tu, kwa sababu yale niliyoyasema siku ile yalikuwa na uongo ndani yake, na nimekuja kuutoa.

Tulioana mimi na Zakayo kwetu Taita, tukateremka huku pwani kutafuta kazi kwenye mahoteli. Yeye alipata kazi ya kutengeneza milango na vitanda, mimi nikaingia chumba cha dobi, kupiga pasi mashuka. Mwaka wa pili nikashika mimba. Ilikuwa haijatimiza miezi mitatu nilipokuwa nimesimama na pasi mkononi, nikasikia kitu kimekatika tumboni upande wa kulia. Nakumbuka harufu ya shuka likiungua. Kingine sikumbuki. Nilizindukia hospitalini Mombasa nimeshapasuliwa. Daktari akanieleza kwamba mimba haikukaa katika kizazi, ilikaa kwenye mrija, na mrija ukapasuka. Wameutoa. Umebaki mmoja, akasema, na mmoja unatosha.

Ndugu zangu, tulingoja huo mmoja kwa miaka tisa.

Mnaojua kungoja kwa namna hiyo, mnajua. Mwezi unakuja na damu yake, unaingia chooni, unakaa humo kidogo, unatoka unawasha jiko kama kawaida. Nilipokuwa dobi nilikuwa nikipewa hata nguo za watoto wa wageni, vifulana vidogo, na nilivinyoosha kwa mikono kabla ya kuvipiga pasi kwa sababu niliona pasi ni nzito mno kwao.

Mama mkwe wangu alikuwa akishuka kutoka Taita kila mwaka kutuona. Hakuwa mkali. Siku moja tulikuwa tunachambua mchicha pamoja, akaniambia bila kuniangalia, "Mwanangu, mimi sikuchukii. Lakini Zakayo atazeeka na nani?"

Jioni Zakayo alipoambiwa, alisema, "Nitazeeka na huyu niliyemwoa." Mwaka uliofuata mama hakuja.

Nilifunga, niliomba, nilikunywa dawa za hospitali na dawa za miti. Nilikwenda hata kwa mganga kule Taru, mimi mwanakwaya wenu, na leso nimejifunika mpaka machoni. Bwana anisamehe, na ninyi mnisamehe. Akina mama wa kanisa hili mlifunga siku tatu kwa ajili yangu, mkaniwekea mikono. Hilo nitalirudia, kwa maana hapo ndipo nilipojikwaa.

Kulikuwa na bibi mmoja wa Kijerumani aliyekuwa na nyumba Diani, mjane, tukimwita Mama Gerda. Zakayo alimtengenezea madirisha, kisha mimi nikaacha hoteli nikawa namfanyia kazi za nyumbani. Alikuwa mtu wa maneno machache na Kiswahili chake kilikuwa cha kuokoteza. Alinikuta siku moja ninalia juu ya beseni. Hakuuliza mengi. Alinipeleka Mombasa, nikapigwa picha ya kizazi, wakatia dawa ndani ili waone inapopita. Haikupita. Mrija uliobaki ulikuwa umeziba, na pengine ulikuwa umeziba miaka yote ile tisa niliyokuwa nikihesabu siku.

Sasa, mdogo wake Mama Gerda alikuwa daktari huko kwao, na kazi yake ilikuwa hiyo hiyo ya wanawake wasiopata watoto. Mwaka wa tisini na saba Mama Gerda alivunjika nyonga, akahitaji watu wa kumsindikiza na kumtunza huko. Akatuchukua sote wawili, mimi na mume wangu. Mlijua tumekwenda kumuuguza bibi. Hiyo ilikuwa kweli, lakini ilikuwa nusu ya kweli.

Ndugu zangu, nitalisema kwa maneno ya wazi ili asitoke mtu hapa na la kuongeza. Nilichomwa sindano siku nyingi ili mayai yangu yakomae. Wakayatoa kwa sindano ndefu. Mume wangu naye alikuwa na sehemu yake, ambayo sitaieleza mbele ya madhabahu. Wakaviweka pamoja katika kisahani cha kioo, kisahani kikawekwa mahali pa joto. Baada ya siku mbili daktari alituita, akatuonyesha kwenye televisheni ndogo. Yalikuwa matatu yaliyokubali. Kila moja lilikuwa duara lenye viduara vinne ndani yake. Zakayo alivua kofia.

Daktari alinena kwa utulivu na Mama Gerda akatutafsiria kwa Kiswahili chake. "Watatu ingia," alisema. "Labda wote toka. Labda mmoja kaa, wawili kaa. Wawili kaa ni hatari, zaliwa mapema sana. Wewe sikia?"

Nilisema nimesikia. Sikusikia. Nilikuwa nayaangalia yale maduara.

Wawili walikaa. Kabla hatujaondoka nilipimwa, nikaona mapigo mawili ya moyo, moja juu na moja chini, yanapiga mbio kama yanakimbizana. Katika ndege ya kurudi Zakayo aliniuliza, "Tutawaambia nini watu?"

"Tutawaambia Mungu amejibu maombi."

"Na ile nyingine?"

"Ile nyingine ni ya nani kuijua?" nikamjibu.

Akageukia dirisha. Nilidhani amekubali.

Niliogopa, ndugu zangu. Nilikuwa nimewasikia watu wakizungumza kuhusu watoto wa chupa, kwamba hao hawana roho, kwamba ni watoto waliotengenezwa. Nilisikia hayo humu humu, nje pale, baada ya ibada. Sikutaka wanangu waitwe hivyo. Lakini nisijifiche nyuma ya maneno ya watu. Nilitaka pia kuwa mwanamke ambaye Mungu amemtazama yeye peke yake. Miaka tisa nilikuwa wa kuhurumiwa. Nilitaka siku moja nionewe wivu.

Tuliporudi haukupita mwezi, zikaja zile ghasia za Likoni za mwezi wa nane. Mnakumbuka wenyewe, nyumba za watu wa bara zikichomwa. Wengi wenu mlibeba magodoro mkaenda, na viti hivi vikabaki vitupu. Mama Gerda ndugu zake walimwita, akaondoka, na hakurudi tena. Mwaka uliofuata tulipata barua kwamba amefariki. Yeye ndiye aliyekuwa amepanga nijifungulie Mombasa, nikae karibu na hospitali kubwa miezi ya mwisho. Alipoondoka, mpango nao ukaondoka. Sikuwa na mtu wa kumwambia kwa nini mimba yangu ilihitaji kuangaliwa zaidi ya nyingine, kwa sababu ningemwambia, ningelazimika kumwambia yote.

Mwezi wa kumi tumbo lilikuwa limeonekana. Waliokuwa wamebaki, na waliokuwa wameanza kurudi, walifurahi mno. Mlikuwa mmetoka katika hofu na mlihitaji habari njema. Mama mmoja, kiongozi wetu wa akina mama, alinishika mkono akanileta hapa mbele. Nikashuhudia. Nikasema madaktari wameshindwa, dawa zimeshindwa, lakini mlipofunga zile siku tatu Mungu akanifungua bila mkono wa mwanadamu. Nilisema hivyo, "bila mkono wa mwanadamu." Nilikuwa nimelifanyia mazoezi neno hilo nyumbani.

Mliimba. Mimi nilimwona Zakayo akiinuka kiti cha nyuma, akatoka nje. Alinisubiri barabarani. Tulitembea hadi nyumbani, yeye mbele mimi nyuma, na usiku huo alikula akalala.

Kisha zikaja zile mvua, zilizoitwa Elnino. Mvua haikuwa ya kunyesha ikaacha. Nguo hazikukauka, kuta ziliota ukungu, visima vilijaa mpaka mtu akachota kwa mkono. Siku ya pili baada ya Krismasi, asubuhi, nilikuwa nakunja nguo zilizokuwa bado na unyevu. Nikasikia maji ya moto yananitiririka miguuni. Nilikuwa sijatimiza miezi saba.

Jirani yetu aliyekuwa na gari alitupeleka hospitali iliyo kusini kwetu. Wauguzi walitaka sana nipelekwe Mombasa, wakapiga simu, wakauliza madereva. Barabara ilikuwa imefunikwa na maji. Hakuna aliyekosea, ndugu zangu. Walifanya kila walichoweza, na mpaka leo nawaombea.

Walizaliwa kabla ya adhuhuri. Wa kwanza mvulana, na alilia, sauti nyembamba, lakini alilia. Wa pili msichana, hakulia. Walimsugua mgongo mpaka akapiga chafya. Kichwa cha kila mmoja kingekaa katika kiganja changu. Ngozi yao ilikuwa nyepesi hata ungeweza kuona mishipa.

Mvulana aliishi mpaka alasiri ya siku iliyofuata. Mapafu yalikuwa hayajawa tayari. Kila alipovuta pumzi kifua kilizama chini ya mbavu, kikapanda, kikazama. Aliwekewa hewa, akawekwa kwenye mashine ya joto, wakamsimamia. Halafu sista wa wodi, mama mtu mzima wa huko huko kusini, akaja kitandani kwangu amembeba katika kitambaa. Akaniambia, "Mama, mshike. Asiende hajakujua."

Nilimshika. Alikuwa mwepesi kuliko leso aliyofungiwa. Nilimhesabia pumzi, na kati ya pumzi na pumzi nilikuwa nangoja, na mara moja nikangoja na haikuja. Sista alikaa nami. Aliweka mkono kwenye goti langu.

Zakayo alitengeneza sanduku mwenyewe. Mbao alizipata kwa seremala mwenzake jirani na hospitali, na msumari wa mwisho aliupigilia kaburini kwa upande wa shoka kwa sababu nyundo ilikuwa mbali. Walimzika watu wanne tu, mvua inanyesha. Baadaye sana, labda baada ya mwaka, ndipo aliponieleza kwamba kaburi lilikuwa likijaa maji kila walipochimba, na kwamba aliingia ndani akayatoa kwa kopo, yakarudi, akayatoa, mpaka mwenzake mmoja akamshika bega akamwambia, "Ndugu yangu, mshushe sasa." Akamshusha.

Mimi sikwenda. Nilikuwa nimelala nimeelekea ukuta, na hapo ndipo nataka mnisikilize, kwa sababu ninaposema Bwana ameniokoa watu hudhani nasema habari za mtoto. Nasema habari za ukuta ule.

Nilikuwa nimesadiki kwamba Mungu amemchukua mwanangu kwa ajili ya maneno niliyoyasema hapa. Nilisema bila mkono wa mwanadamu, basi ameondoa mkono. Na kama amemchukua wa kwanza atamchukua na wa pili. Nikaamua nisimguse. Nisipomjua, nilijiambia, kuondoka kwake hakutaniuma. Sista alikuja akasema mashine ya joto ina watoto wengine wanaoihitaji zaidi, huyu anapumua mwenyewe, kwa hiyo awekwe kifuani kwa mama, ngozi kwa ngozi, afungwe na leso. Nikasema sitaki. Akaja tena, nikasema sitaki. Akaniomba nikamue maziwa, mtoto apewe kwa mrija wa puani. Nikasema hayatoki, na sikuwa nimejaribu.

Zakayo alikuwa ametoka kuzika. Viatu vyake vilikuwa na matope. Alinawa mikono mpaka viwikoni, akavua shati katikati ya wodi ya wanawake, akamwambia sista, "Nifunge mimi."

Akafungwa. Alikaa kwenye kiti cha mbao siku hiyo na siku ya pili yake, mtoto kifuani, leso ya maua imemzunguka mgongoni. Wakati wa kutazama wagonjwa wanaume walipita wakamcheka. Mmoja akamwuliza, "Mzee, utanyonyesha lini?"

Zakayo akamjibu bila kukasirika, "Nikipata maziwa nitanyonyesha."

Nilisikia, na sikugeuka.

Kitanda cha pili yangu alilala dada mmoja Mdigo, ametoka Majoreni, akiitwa Mwanakombo. Alikuwa amepata mtoto wa kiume aliyezaliwa amekwisha kufa. Alikuwa amebakizwa kwa ajili ya homa. Matiti yake yalikuwa yamejaa hata hakuweza kushusha mikono. Asubuhi ya tatu nilimsikia akimwambia sista ampe mwanangu maziwa yake, yanamwagika bure. Sista akamshukuru sana, lakini akamwambia siku hizi hairuhusiwi, kwa sababu ya maradhi. Mwanakombo hakubishana. Akaja kukaa kitandani kwangu, taratibu, kama mtu aliyepasuliwa.

"Dada," aliniambia, "wangu wamemzika. Wako yu pale. Yangu wameyakataa, na yako yamo humo ndani. Inuka."

Nikamwambia, "Huyo hatakaa. Nilimsingizia Mungu."

Sijui kwa nini nilimwambia yeye. Labda kwa sababu hakuwa wa kanisa langu wala wa kabila langu. Nilimweleza yote, mayai na kisahani na ushuhuda. Wakati wote huo alikuwa akichovya kitambaa katika maji ya moto na kukikamua. Nilipomaliza akaniuliza, "Umekwisha?"

"Nimekwisha."

"Basi nisikilize mimi. Uongo wako utakwenda kuusema kule ulikousema. Huyu mtoto hakusema kitu. Na Mwenyezi Mungu haui kitoto ili amtie adabu mamake. Hayo sijayasikia kwetu, na sidhani yako kwenu. Haya, geuka, toa ziwa."

Aliniweka kitambaa cha moto, akaanza kunikanda kwa vidole, kutoka kwapani kuja mbele, kama mwenye kuifanya kazi hiyo kila siku. Iliniuma mno. Nilitazama chini ili nisipige kelele. Ndipo nikaona leso yake. Ilikuwa imelowa kifuani, miduara miwili, na ilikuwa ikizidi kulowa. Alikuwa akinikamua mimi na maziwa ya mwanawe yanashuka mpaka tumboni kwake, na hakujipangusa.

Ndugu zangu, mimi nilifunguliwa pale. Sikuona nuru na sikusikia sauti. Niliona leso iliyolowa. Nikalia, na nilipokuwa nalia maziwa yakatoka, matone mazito ya rangi ya manjano, yakaanguka katika kikombe cha dawa. Mwanakombo akakiinua akakitazama. "Yanatosha," akasema. "Kesho yatakuwa zaidi."

Nikamwambia Zakayo anipe mtoto. Alijifungua ile leso polepole, akaniwekea kifuani. Alikuwa na joto la baba yake. Nikamwuliza, "Amekwisha kuitwa jina?"

"Nilikuwa nakungoja," akasema.

Mmeniuliza mara nyingi, wengine kwa upole na wengine kwa kejeli, kwa nini binti wa Kitaita aliyebatizwa humu anaitwa Mwanakombo. Sasa mmejua.

Tulikaa hospitalini mpaka mwezi wa pili. Tulipotoka tulidhani yaliyobaki ni kumkuza tu. Lakini alipofika umri wa kukaa, hakukaa. Miguu ilikuwa migumu, inapishana kama mkasi. Daktari alitueleza kwamba watoto wanaozaliwa mapema namna ile wakati mwingine ubongo unakosa hewa, na miguu ndiyo inayolipa gharama. Hivi sasa amepita miaka miwili. Hatembei. Anazungumza sana, mnamsikia wenyewe wakati wa mahubiri, na anajua nyimbo zote za kwaya, sauti ya kwanza na ya pili. Kila wiki tunampeleka kunyooshwa miguu, na huko hulia. Mnaniambia atatembea tu, mtoto wa ahadi. Nawashukuru. Mimi sijui kama atatembea. Namwomba Mungu, na siku ninapomwomba sana ndiyo siku ninayolia sana.

Yule Mwanakombo mkubwa nilimfuata Majoreni mwaka jana, nikampelekea wajina wake amwone. Alimpakata mchana kutwa. Hakuwa amepata mwingine. Tulipokuwa tunaondoka alimbusu nyayo zile zisizokanyaga, akaingia ndani upesi, mumewe ndiye aliyetusindikiza.

Mtaniuliza, kama nilifunguliwa siku ile wodini, kwa nini nimekaa kimya muda wote huu. Ni swali la haki. Mwanakombo aliniambia nikauseme uongo kule nilikousema, na mimi niliporudi nikauacha ukae. Mlinipokea kwa huruma, nimezika mmoja, nimebeba mmoja mgonjwa. Niliona haitafaa.

Yuko dada mmoja wa Tiwi, Raheli, mnamjua. Nimemwomba ruhusa ya kumtaja. Ana miaka saba katika ndoa na hajapata mtoto. Mwaka huu, baada ya mazoezi ya kwaya, alinivuta pembeni akaniuliza, "Dada, wewe uliomba maneno gani? Nifundishe. Mimi nimefunga mara nne, naona labda kuna neno ninalikosea."

Ndugu zangu, nilimtazama machoni nikamwambia aendelee kuomba.

Wiki chache baadaye nikasikia ameanguka nyumbani kwake kwa kufunga. Kliniki aliyokuwa akihudhuria alikuwa ameiacha tangu aliposikia ushuhuda wangu, kwa kuwa nilisema madaktari wameshindwa na Mungu hakuwahitaji. Nilikwenda Tiwi siku hiyo hiyo. Nilimkuta amelala, midomo imekauka, na nikamwambia yote. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Miaka yote hii nimekuwa nikitafuta dhambi yangu. Nilipokosa niliyoifanya, nilitafuta ya mama yangu." Akaniomba nitoke.

Majuma matatu hakuniamkia. Nilipomwomba ruhusa ya kusema leo, alinijibu, "Sema. Lakini mimi sitakuja kusikiliza." Kiti chake mnakiona ni kitupu. Ana haki. Nimemwomba msamaha mara mbili, na nitaendelea, na kama hatanisamehe nitaendelea kumsalimu.

Basi hilo ndilo nililokuja kuliondoa kinywani mwangu. Mlipofunga zile siku tatu, Mungu alisikia, hilo naliamini. Lakini alijibu kwa mkono wa bibi asiyejua Kiswahili sawasawa, kwa sindano, kwa kisahani cha kioo, kwa sista aliyekaa nami, kwa mume wangu mwenye matope viatuni na shati lake alilolivua, kwa mwanamke wa Majoreni ambaye hakupata jibu lake mwenyewe. Ilikuwa mikono ya wanadamu tangu mwanzo hadi mwisho, na mimi nilisimama hapa nikaikana yote. Wanangu wana roho. Nilimshika mmoja ikitoka.

Ninawashukuru kwa kunisikiliza. Namshukuru Zakayo, ambaye leo hakutoka nje. Ninyi mnaongoja, ninyi ambao kila mwezi mnakaa chooni kidogo kabla ya kuwasha jiko, mtegemeeni Bwana, lakini msimtegemee kwa kujitesa. Hakuna neno mnalolikosea. Mwenye kutaka nimwombee, aje nimwombee. Mwenye kutaka nimsindikize kwa daktari, nitafunga leso twende. Sitakuahidi mtoto. Mimi mwenyewe nilijiahidi kwa kinywa changu, na nikaona yaliyofuata.

Jambo la mwisho. Nilipokwenda kumweleza mchungaji wetu juma lililopita, nilidhani atanikemea au atanitoa katika kwaya. Yeye akaniuliza, "Yule wa kwanza mlimwita nani?" Nikalia. Tangu nimzae hakuna mtu aliyekuwa ameniuliza. Alizikwa katika mvua, watu wanne, hakuna aliyemwombea humu, na mimi kwa woga wa maswali sikulitaja jina lake hata mara moja.

Alikuwa akiitwa Danieli Mwawasi, jina la babu yake. Aliishi siku moja na alasiri. Nawaomba, ndugu zangu, simameni tumwombee.